Tupeane uzoefu: neno "uncle" kwa wasemaji wa Kiurdu

Mfasiri_Nyali: Wakuu, uzi huu ni wa wanaofundisha Kiingereza au kufasiri kwa wasemaji wa Kiurdu. Tuanze na "uncle", maana linasumbua kuliko linavyoonekana. Kwa Kiurdu hapo kuna watu watano: taya ni baba mkubwa, chacha ni baba mdogo, mamu ni mjomba, phupha ni mume wa shangazi, na khalu ni mume wa khala, yaani wa dada yake mama. Leteni mbinu zenu, na mseme zinaharibikia wapi.

Darasa la Jioni: Kabla ya kulipeleka "uncle" kwenye Kiurdu, uliza kwa mpangilio huu. Ni upande wa baba au wa mama? Ni wa damu au wa ndoa? Kama ni ndugu wa baba, ni mkubwa wake au mdogo wake? Swali hili la mwisho ndilo linalorukwa sana, na matokeo yake "chacha" linaandikwa kila mahali. Familia inayosema "taya" itaona umemshusha mkubwa wao. Matini ikiwa kimya, tafuta dalili: katika hadithi ya Kiingereza, akiwa na jina la ukoo sawa na la baba, huenda ni wa upande wa baba. Kwa familia za Pakistan dalili hiyo usiitegemee, kwa sababu hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina ya mwisho tofauti. Ukikwama muulize mwandishi. Usikimbilie "ankal", yaani "uncle" lenyewe kwa matamshi ya Kiurdu.

Mfasiri_Nyali: Kwa nini isiwe "ankal", na wenyewe wanalitumia kila siku?

Bi Kalamu: Wanalitumia, ila kwao limeshika kazi nyingine. Ankal ni rafiki wa baba, jirani, mwenye duka, mwanamume yeyote wa rika la baba. Ukiliandika kwa ndugu wa damu, msomaji anaweza kumwona ni mtu wa nje. Na kinyume chake: msemaji wa Kiurdu akisema "my uncle", huenda hakuna undugu wowote. Kwenye fomu ya viza au ya hospitali hilo ni hatari kweli. Mfundishe aandike kwa urefu: "my mother's brother", "my father's friend". Jina nalo mara nyingi hutangulia, Rashid ankal. Kiingereza hugeuza, "Uncle Rashid".

Mkalimani wa Muscat: Msisahau kitenzi. "Chacha aaye hain", yaani chacha amekuja, ina kitenzi cha wingi hata aliyekuja akiwa mmoja, kwa kuwa anaheshimiwa. Wakalimani wapya huandika "uncles". Tazama kama sentensi ina idadi au jina ndipo uamue.

Mfasiri_Nyali: Na sisi wa pwani?

Bi Kalamu: Kwetu ami ni ndugu wa baba. Kwa Kiurdu ammi, m ikikazwa, ni mama! Mwanafunzi akisema ammi amepiga simu, usiandike "uncle". Halafu "aunty" lina mtego wake: mwanamke kijana ukimwita hivyo atakasirika. Mwite baji, dada mkubwa. Mwanamume anayekaribia rika lako, bhai, yaani kaka, inatosha.