Naombeni ushauri: nyimbo zangu ni za pole na za huzuni, nizitie ngoma au niziache?

MtotoWaKatuba

Salamu kwenu banduku. Nina miaka 23, niko Katuba, hapa Lubumbashi. Mwaka wa tatu sasa natunga nyimbo zangu mwenyewe kwa Kiswahili, kwa gitaa moja na kinanda kidogo cha kuazima. Ni za polepole, za mtu aliyelala macho wazi usiku wa mvua. Naimba chini, karibu kunong'ona, kisha naimba tena juu ya sauti ileile, halafu natia mwangwi mpaka maneno yanakuwa kama yanatoka chumba cha pili. Nilijifunza kwa kuwasikiliza Beach House, bendi ya Baltimore kule Marekani, na mwimbaji Mitski, ambao binamu yangu alinijazia kwenye simu.

Mwezi uliopita nilipeleka wimbo mmoja studio. Unamhusu baba, aliyekwenda Kolwezi kwenye machimbo akaacha kupiga simu. Fundi alisikiliza nusu dakika, akasema hauuziki. Akaongeza mwendo, akaweka ngoma, na sebene mwishoni. Nililipa dola 40. Nilipousikiliza nyumbani, jina la baba halisikiki tena.

Naye mama, siku aliyousikia ule wa kwanza, aliacha mwiko ndani ya bukari akaniuliza: "Kilio ni kwa nani?" Tangu hapo hataki niimbe usiku, anasema naita msiba.

Nitoe ule wa chumbani au huu wa studio? Na mama nimwambie nini?

Ngoma_Kamalondo

Dada, usinikasirikie. Mimi napiga ngoma baa, na Jumamosi watu wanakuja kutua mzigo wa wiki nzima. Wimbo wa pole ukianza, wanatoka nje kuvuta hewa. Weka hata ngoma ndogo, ya brashi tu, mwili upate pa kushika.

MzeeWaNyuzi

Mwanangu, mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Kijana mmoja, gitaa moja, dole gumba na kidole cha shahada, anaimba Kiswahili. Gitaa lake lilikuwa linakimbia, halikuwa la huzuni, kwa hiyo sisemi unafanana naye. Nasema mtu kukaa peke yake na gitaa akaimba mambo yake si kitu kilichotoka Baltimore. Sisi wa Katanga tumekuwa nacho tangu zamani. Na ule wimbo wa studio, uliolipoteza jina la baba, huo usiutoe.

FundiWaUsiku

Nachanganya sauti, kwa hiyo nitasema kifundi. Yule fundi huenda alisikia kasoro ya kweli ila akatoa dawa isiyo yake. Ukirekodi katika chumba chenye kuta tupu, chumba kinatia mwangwi wake, nawe unaongeza mwingine juu. Inakuwa matope. Ingia chini ya blanketi au mbele ya kabati lililo wazi lenye nguo, urekodi sauti kavu. Zima mtandao wa simu. Usirekodi mvua ikipiga mabati.

Mwangwi uweke kwenye njia yake peke yake, uupunguze besi, uwe mfupi kwenye beti na mrefu kwenye kiitikio. Zile sauti mbili, moja iende sikio la kushoto, nyingine la kulia. Halafu kitu kimoja nakuomba sana: unapofika kwenye jina la baba, ondoa mwangwi wote. Kila kitu kiwe ndoto, jina liwe hapa, karibu na sikio.

Studio waombe wakupe gitaa peke yake, bila ngoma. Umelipia.

AsiyeNaHaraka

Huyo Mitski, alipokuwa mtoto aliishi nchi nyingi, na Kongo yetu ikiwemo. Albamu zake mbili za kwanza, 2012 na 2013, alizitoa mwenyewe akiwa bado mwanafunzi wa muziki jimboni New York. Wimbo wake wa kwanza kuingia chati kuu ya Marekani ulikuwa mwaka 2023. Hesabu mwenyewe. Na badala ya baa, nenda kaulize Halle de l'Étoile, ule ukumbi wa utamaduni hapa Lubumbashi. Watu wa pale wanakaa chini wakasikiliza.

MamaWaWatatu

Binti, je, mama anajua kwamba wimbo ni wa baba yako? Sidhani anaogopa muziki. Ni mke ambaye simu yake nayo haikulia. Mwimbie mchana, jikoni, bila mashine.

MtotoWaKatuba

Nimemwimbia leo. Alikaa kimya mpaka mkaa ukazima. Kisha akasema jina nililoweka ni la kwenye karatasi, yeye hakumwita hivyo hata siku moja. Akanitajia lile alilomwita wakiwa wawili, ambalo sikuwa nalijua.

Studio wamekubali kunipa gitaa peke yake. Brashi nitaijaribu, kaka wa Kamalondo, kwenye beti ya mwisho tu. Kesho usiku mvua isiponyesha narekodi upya, na mama amesema atanishikia blanketi.