Kubebana Hall 2: mliosoma Mlimani, ilianzaje?

Binti_wa_Kimara
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu amepangiwa chumba Magufuli Hostels pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tukiwa tunafunga begi lake, baba akaanza: "Nyie mna raha, mimi bweni la Hall 2 nililala mzungu wa nne mwaka mzima." Nikimdadisi anacheka tu. Naomba mliopita pale mnieleze, vyumba vile vilikuwa vya watu wangapi, na ilikuwaje watu wakaanza kubebana, yaani kulala wawili kitanda kimoja?

Mstaafu_Moro
Mwanangu, mimi niliingia 1973, wakati hilo neno halijulikani. Chuo chenyewe hakikuzaliwa kule mlimani. Kilianza Oktoba 1961 mjini, Mtaa wa Lumumba, ndani ya jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi 14, wote wa sheria. Mlimani kilihamia 1964.

Kwetu chumba kilikuwa cha wawili, vitanda viwili, na kweli tulilala wawili. Chakula unakula kafeteria hulipi, shuka zinafuliwa na watu wengine. Nikirudi kijijini likizo na kusimulia, shangazi zangu walidhani natunga.

Ila starehe ile tulikuwa tunasimangwa nayo. Oktoba 22, 1966 wanafunzi walivaa majoho wakaandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na bango moja likadai enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu aliwafukuza karibu 400, na hapohapo akajipunguzia mshahara wake asilimia 20. Walirudishwa bwenini kufunga mizigo tu, kisha makwao. Wengi walikuja kurudishwa baadaye. Kwa hiyo wakati wetu ukithubutu kulalamikia wali, mpishi anakuuliza: "Unataka kwenda Ikulu?"

Mbebwa_98
Shikamoo mzee. Hizo shuka zinazofuliwa sisi tulizisikia kama hadithi za sungura.

Binti, baba yako hajakudanganya. Mwanzoni mwa miaka ya 90 ilikuja sera ya kuchangia gharama, na wanafunzi nao wakawa wanaongezeka kila mwaka. Vitanda vya Hall 2 vilibaki vilevile. Hapo ndipo kubebana kuliposhamiri: mwenye chumba "anabeba", asiye nacho "anabebwa".

Mimi nilifika 1998 natokea Tabora na sanduku la bati. Nikasoma orodha ya vyumba ubaoni mara tatu, sikujiona. Dar nzima nilimjua mtu mmoja, naye alikaa Mbagala. Nimesimama pale na sanduku langu akapita jamaa tuliyesoma naye Milambo, akaniangalia, akasema, "Lete hilo sanduku, nitakubeba." Hatukujadiliana zaidi ya hapo. Nilikaa naye mwaka mzima.

Kitanda ni cha futi mbili na nusu. Mnalala mzungu wa nne, kichwa chako kwenye miguu yake. Mwenye kitanda ni wa ukutani, mbebwa ni wa upande wa kudondokea. Mbebwa haleti mgeni, hawashi taa usiku, na asubuhi ndiye anayefuata mkate. Rumeti wa jamaa naye alimbeba binamu yake, kwa hiyo chumba cha wawili tulikuwa wanne, na sanduku langu la bati ndiyo ilikuwa meza ya kulia. Sura ya jamaa yangu naanza kuisahau, lakini visigino vyake nikivikuta barabarani leo nitavitambua.

Msimamizi wa bweni akipita kukagua, wabebwa tulishuka ngazi na madaftari mkononi kama tunawahi kipindi. Nadhani alijua. Asubuhi ya Jumapili kipindi gani?

Usingizi mtamu niliupata wakati wa mitihani. Jamaa alikuwa akikesha kusoma mpaka saa tisa, kitanda chote changu. Marafiki zangu wanaikumbuka mitihani kwa jasho, mimi naikumbuka kwa kunyoosha miguu.

Mabibo Hostel ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliyojengwa kwa fedha za NSSF, tulisema basi, kubebana kumekufa. Wapi! Mdogo wangu alipangiwa Mabibo, lakini usiku wa kuamkia mtihani wa saa mbili alibebwa Hall 5, asije akagombania daladala Ubungo.

Kuna kitu kimoja huwa kinanichekesha na kuniuma. Nilipomaliza, kila mtu alikuwa anarudisha ufunguo na kusaini. Mimi sikuwa na cha kurudisha. Ukichukua vitabu vya Hall 2 vya mwaka ule, utahesabu watu wawili kila chumba, safi kabisa. Mimi na yule binamu hatupo.

Fundi_Hesabu
Kwa faida ya mdogo wako: Magufuli Hostels zilifunguliwa Aprili 15, 2017, majengo 20 ya ghorofa nne, nafasi 3,840. Gawanya mwenyewe, ni watu 192 kila jengo. TBA, Wakala wa Majengo Tanzania, ndio waliojenga, na shilingi bilioni 10 ndizo zilizotajwa siku ile. Hao 192 ni kwa karatasi. Wa Mbebwa_98 sijawahesabu.

Mbebwa_98
Hahaha! Mwambie dogo abebe shuka mbili.

Binti_wa_Kimara
Nimemsomea baba yote kuanzia juu. Nilipofika kwenye "upande wa kudondokea" akaropoka: "Na wa ukutani je? Ukitaka kutoka usiku unamruka mtu mzima kama uzio!" Kumbe mzee ndiye aliyekuwa na kitanda. Miaka yote hii tunamwonea huruma.