Programu ya shirika la ndege ilisoma pasipoti ya mwanangu, ikaweka tiki ya kijani, ikala hela. Kufika kaunta: "huyu hasafiri"!

Wakuu salaam,

Nilikaa na hili jambo nikisubiri hasira ishuke. Haijashuka, kwa hiyo mnisome hivihivi. Shirika la ndege silitaji, na wakala aliyetukatia tiketi simtaji pia, maana madai yangu bado yako mezani kwao na sitaki kuwapa kisingizio.

Tulikuwa tunasafiri watatu: mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka 11. Dada yangu anahitimu masomo ughaibuni, tukasema safari hii twende wote. Nchi yenyewe hatuhitaji viza kuingia, na sasa naona hapo ndipo mtego ulipokuwa. Ukiomba viza, kuna afisa ataishika pasipoti yako, ataifungua, atahesabu miezi iliyobaki na kukurudishia mapema kama ina tatizo. Ukienda bila viza, mtu wa kwanza kuitazama kwa makini ni yule wa kaunta ya uwanja wa ndege, wewe ukiwa na mabegi yako kwenye mzani.

Pasipoti zetu zote tatu zilitolewa siku moja. Sasa nchi nyingi humpa mtu mzima pasipoti ya miaka 10 na mtoto ya miaka 5, kwa sababu sura ya mtoto hubadilika haraka. Ya binti ilikuwa bado hai, imebakiza miezi 4 na ushee, na sisi tulikuwa tunarudi mwezi uleule. Nchi tunayokwenda inataka miezi 6 kamili kuanzia siku unayoingia. Basi. Habari ndiyo hiyo.

Sasa nisikilizeni kinachonichoma, maana sheria ya miezi 6 si shida yangu kubwa.

Wakati wa kukata tiketi wakala alitutaka namba za pasipoti na tarehe za kuisha, za kila mmoja wetu. Tukatoa. Baadaye shirika likatutumia ujumbe tupakue programu yao ya simu "kurahisisha safari". Tukapakua. Programu ikatutaka tupige picha ukurasa wenye sura wa kila msafiri. Tukapiga. Ikasoma yenyewe, ikajaza jina, namba na tarehe ya kuisha, halafu ikaweka tiki ya kijani: taarifa za msafiri zimekamilika.

Kwa wasiojua, ile mistari miwili ya herufi na mishale iliyo chini ya picha haikuwekwa kwa urembo. Ni kiwango cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kwenye waraka wao namba 9303. Kila mstari una nafasi 44, na ule wa pili umebeba tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho ya pasipoti, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, pamoja na tarakimu za kuhakiki ili mashine isikosee. Kwa hiyo mashine yao ilisoma tarehe, na ilisoma sawasawa. Tunakokwenda inajua, maana wao ndio waliotuuzia tiketi ya kwenda huko. Siku ya kufika inajua. Kilichobaki ni kutoa tarehe moja kutoka kwa nyingine, hesabu ambayo binti yangu mwenyewe anaifanya akiwa anachezea simu.

Haikutolewa. Hela ikatolewa.

Jioni ya kuamkia safari tukajaribu kuchukua pasi za kupandia ndege kwa simu. Ya kwangu ikatoka, ya mke wangu ikatoka, ya mtoto ikagoma: "tafadhali muone mhudumu uwanjani". Nikapiga simu huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu, dada wa watu akaniambia ni kwa sababu ni mtoto, watoto huwa hivyo, msiwe na wasiwasi, wahini tu kaunta. Yeye pasipoti zetu alikuwa nazo mbele yake kwenye kompyuta, kwani alinisomea jina la mtoto kamili. Hapo palikuwa pamebaki usiku mzima. Pengine kusingekuwa na cha kufanya, lakini angalau tungeambiwa tukiwa nyumbani, si mbele ya foleni.

Kaunta tulimkuta kijana mpole. Akaandika, akatazama skrini, akaandika tena, akamwita msimamizi wake. Ukiona msimamizi ameitwa, jua safari imeingia mdudu. Msimamizi akaigeuza skrini kidogo akatuonyesha: Timatic, ule mfumo wa IATA (chama cha mashirika ya ndege duniani) ambao mashirika hutumia kukagua masharti ya kuingia kila nchi. Miezi 6. Mtoto haruhusiwi. "Ila nyie wawili mnaweza kuendelea." Alilisema hilo kwa heshima zote, kama anatufanyia fadhila. Tuendelee twende wapi, mtoto tumwache kwenye mkanda wa mabegi?

Binti akauliza, "Lakini si tunarudi mwezi huuhuu? Hiyo tarehe mbona bado?" Hakuna mtu mzima pale aliyeweza kumjibu.

Yule kijana simlaumu, na nawaomba na nyie msimlaumu. Shirika likimbeba abiria asiyeruhusiwa kuingia, litamrudisha kwa gharama zake, na nchi nyingi hulitoza faini juu yake. Akituachia, linalomfuata ni barua ya onyo. Hata sheria yenyewe naielewa: nchi haitaki mgeni augue au akwame, pasipoti yake ife akiwa ndani, ishindwe hata kumrudisha kwao. Mtego wa panya huo, huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Ila jamani, msitufanye kama hii ni elimu ya kuzaliwa nayo. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoleana ukaguzi wa mipakani, zinataka miezi 3 baada ya siku unayotoka kwao, na juu ya hapo pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Uingereza inatosha iwe hai kwa muda wote utakaokaa. Marekani inataka miezi 6 zaidi ya muda wa kukaa, halafu ina orodha ndefu ya nchi zilizosamehewa kwa makubaliano. Kijitabu kilekile, mlango huu ni kizima, mlango ule ni marehemu, na kwenye ukurasa wake hakuna palipoandikwa lolote. Waingereza wenyewe yamewakuta: kabla ya Septemba 2018 aliyebadilisha pasipoti yao wakati ya zamani haijaisha aliongezewa hadi miezi 9 juu ya ile miaka 10. Nchi yao ilipotoka Umoja wa Ulaya, lile sharti la Schengen la miaka 10 likawahusu na wao, watu wakajikuta wanazuiwa kupanda ndege na pasipoti ambazo tarehe yake ya mwisho haijafika. Watu waliosoma, wenye kila kitu mtandaoni, na bado walirudishwa nyumbani kutoka kaunta.

Najua wanaokuja kuandika "ungesoma vigezo na masharti mkuu". Nilivisoma, na baada ya tukio nimevisoma tena kwa hasira. Vinasema abiria ana wajibu wa kuwa na hati halali za kusafiria. Pasipoti ya mwanangu ilikuwa halali. Kuhusu miezi 6, kimya. Wamepata nafasi ya kuniuzia bima, kiti chenye nafasi ya miguu, begi la ziada na gari la kukodi huko niendako, kila kimoja na ukurasa wake. Sentensi moja ya "pasipoti ya msafiri namba 3 haitoshi kwa safari hii" ndiyo imekosa pa kukaa.

Na msiniambie teknolojia haipo. Kaunta ilitumia dakika chache tu kutukataa kwa mfumo ambao shirika hilohilo linaulipia. Kwa nini ukaguzi huo ufanywe baada ya hela kuingia na dirisha la kurudishiwa kufungwa, usifanywe siku ya kununua tiketi? Mimi jibu ninalo, na nadhani na nyie mnalo. Abiria akionywa mapema, atasogeza safari au ataahirisha kununua. Akionywa kaunta, kiti kimeshalipiwa.

Maana tukija kwenye hela ndipo utachoka. Wameniandikia kwamba sisi "hatukujitokeza" kwenye safari. Tulijitokeza mpaka kijana wao wa kaunta anatujua kwa majina! Na kwa kuwa ya kwenda hatukuipanda, ya kurudi nayo imejifuta yenyewe. Nikafikiria habari za fidia ya abiria aliyekataliwa kupanda, nikakuta hata Ulaya, ambako kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inayabana mashirika kisawasawa, mwenye nyaraka zisizotosha hahesabiwi humo. Bima ya safari nayo imejibu kwa aya moja: matatizo ya nyaraka hayamo. Wakala anasema niongee na shirika. Shirika linasema tiketi ilikatwa na wakala, niongee na wakala. Kila mmoja alichukua tarehe ile ya kuisha, na kila mmoja anasema haikuwa kazi yake kuitazama.

Mahafali tumeyaona kwenye simu, picha inakatika kila dada akikaribia jukwaa. Pasipoti mpya ya mtoto imeshaombwa, tunasubiri.

Kwa walio na safari mbele: ukurasa wa IATA wa masharti ya safari upo wazi kwa mtu yeyote na ni bure, ingizeni pasipoti ya kila mtu, mtoto mmojammoja, na nchi mnazopitia kubadilisha ndege pia. Tiki ya kijani ya programu yao haina maana yoyote.

Sasa naombeni msaada. Nauli naona wameshaimeza, lakini kwenye tiketi kuna kodi na tozo za viwanja ambazo shirika hukusanya kwa niaba ya wengine, na sisi ndege hatukupanda. Kuna aliyewahi kurudishiwa hizo? Alimwandikia nani, wakala au shirika, na alitumia maneno gani hadi wakakubali? Waliopitia idara ya usafiri wa anga au ya kumlinda mlaji, mliambatisha nini? Picha za skrini zenye ile tiki ya kijani ninazo zote.