Naombeni ushauri: sura ya jjajja (bibi) kwa tyubu nne tu, ngozi inageuka majivu

brashi_jinja: Habarini wadau, niko Jinja, Uganda, nachora sura ya jjajja wangu kwa akriliki na nimejibana kwa tyubu nne, nyeupe, nyeusi, nyekundu na oka ya njano (njano ya udongo), zile alizopenda mchoraji Anders Zorn wa Sweden. Shida ni ngozi. Jjajja ni mweusi tii, nikitaka mwanga kwenye paji la uso naongeza nyeupe na hapo hapo uso unapauka kama wa mgonjwa. Sitaki picha ya kitambulisho, nataka ule ukali wake wa macho umshike mtu akiwa bado mlangoni. Nifanyeje?

mama_rangi: Dada pole, ila nyeupe iweke mbali kwanza. Giza lako ni nyekundu na nyeusi, ukipanda kuelekea mwanga ongeza nyekundu na oka, nyeupe kidogo sana na iwe mwisho, ncha ya pua na midomo basi. Halafu kile kijivu cha nyeusi na nyeupe usikitupe, kikikaa kando ya rangi za moto kama nyekundu na oka jicho linakiona bluu, kwa hiyo kiweke makusudi pale mwanga wa angani unapogusa paji la uso, sio uso mzima. Na nyeusi ukiitia oka unapata kijani cha mzeituni, kizuri sana chini ya kidevu, hata kwenye gomesi yake, lile gauni la kienyeji.

fundi_wa_masaka: Mimi naona kosa ni kanvasi nyeupe yenyewe. Juu ya weupe kila rangi inaonekana nyeusi kupita kiasi ndo maana mkono unakimbilia nyeupe. Paka kwanza kanvasi yote rangi ya udongo, ikauke, ndo uanze. Au chora kwenye lubugo kabisa, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ile rangi yake tayari ni nusu ya ngozi, ila inakunywa rangi sana, so pale pa uso ipake kwanza gundi ya akriliki isiyo na rangi, na sehemu nyingine uiache wazi ionekane.

kato256: Nyeusi mi sijawahi kuikubali, weka bluu ya ultramarini, ukiichanganya na nyekundu na oka giza linakuwa na uhai.

mama_rangi: Kato bluu inapendeza ndiyo, lakini mwacheni amalize na alizo nazo. Dada kumbuka akriliki ikikauka inakuwa nyeusi zaidi kuliko ilivyokuwa mbichi, jaribu pembeni kwanza, na picha uipige kwa simu uigeuze iwe ya nyeusi na nyeupe uone kama mwanga na kivuli vimekaa.

brashi_jinja: Webale nnyo, asanteni sana! Lubugo naitafuta. Na macho, nianze nayo au nimalizie?

fundi_wa_masaka: Anza nayo mapema, uso mzima ujipime kwayo. Ule weupe wa jicho usiutoe kwenye tyubu, changanya kijivu na oka kidogo, na kope ya juu iangushe kivuli juu yake, ule ukali wa jjajja unaoutaka uko kwenye hicho kivuli.