Mjadala: Ujana wa Geralt ulikuwa na haja ya kuandikwa?

Nakala ya kitabu kipya cha Andrzej Sapkowski ilifika Kigoma kwa treni, ndani ya begi la binamu yangu, na tangu hapo imeshapita mikono mitano kutoka Mwanga hadi Ujiji. Kila anayeirudisha anakuja na ubishi. Nimeona tuuweke hadharani, kila mtu aseme lake.

Kwa asiyemjua: Sapkowski ni Mpolandi, mzaliwa wa 1948. Mwaka 1986 alichapisha kwenye jarida la Fantastyka hadithi fupi kuhusu Geralt, mtu aliyegeuzwa mwili tangu utotoni ili awinde mazimwi kwa malipo. Zikafuata hadithi nyingine, kisha riwaya tano kati ya 1994 na 1999. Jina la kazi ya Geralt, wiedźmin, mwandishi alilibuni kutokana na neno la Kipolandi la mchawi wa kike. Sisi hapa tunamwita mwinda-mazimwi. "Mchawi" kwetu ni neno linaloweza kumfukuzisha bibi kizee kijijini kwake, sitaki kulitumia ovyo. Mwishoni mwa 2024 ikatoka riwaya inayorudi nyuma: Geralt ana miaka 18, ametoka tu Kaer Morhen, ngome alikofundishwa kazi. Tafsiri ya Kiingereza, Crossroads of Ravens, ilifanywa na David French na ilitoka Septemba 2025. Hiyo ndiyo tunayoibishania.

Nasema wazi: natamani kisingeandikwa. Kitabu si kibaya. Nimekimaliza kwa siku mbili, na Preston Holt, yule mwinda-mazimwi mkongwe anayemwokoa kijana asinyongwe, nimempenda sana. Kinachoniuma ni ukurasa mmoja wa zamani.

Katika The Last Wish, kitabu chake cha zamani cha hadithi fupi, Geralt yuko hekaluni anauguza jeraha. Anakaa na Iola, kuhani kijana aliyeweka nadhiri ya kunyamaza, naye anaanza kuongea. Anamsimulia zimwi lake la kwanza. Zimwi lenyewe ni mtu, mwenye upara na meno yaliyooza, askari mtoro aliyesimamisha mkokoteni wa mkulima na kumshusha binti mdogo ili amnajisi, wenzake wamemshika baba. Geralt alimkata mara mbili akaanguka. Alitegemea shukrani. Baba mtu akatimua mbio pamoja na majambazi, na binti, damu imemrukia mwili mzima, akatapika na kuzimia. Katikati ya maelezo Geralt anakatisha na kumuuliza Iola kama anamchosha.

Ni mistari michache tu. Lakini anayeongea ni mtu mzima aliyelibeba jambo hilo miaka na miaka, na wa kumwambia amemchagua yule ambaye hatamjibu. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda Geralt. Sasa riwaya mpya inalichukua tukio lile lile na kulitandaza: kuna kukamatwa, kuna kitanzi, kuna watu wa kijiji. Tukio tumepewa lote. Anayelikumbuka ndiye hayupo, maana huyu ana miaka 18 na hajui bado kwamba litamkaa moyoni.

Baba yangu aliwahi kunisimulia mara moja tu, tuko mtumbwini usiku, tunasubiri dagaa waje kwenye mwanga wa karabai, jinsi alivyompoteza kaka yake ziwani. Hakufika mwisho. Sauti ilikatika akaanza kuhangaika na taa ambayo haikuwa na tatizo lolote. Kama leo mtu angeniletea picha za video za usiku ule wa ajali, nisingezitazama. Nilichopewa na baba ni ile sauti iliyokatika, na inanitosha. Semeni.

Mwalimu mstaafu, Ujiji:

Mwanangu, pole kwa baba yako mkubwa, hilo sikulijua. Lakini hoja yako siikubali.

Nimefundisha historia miaka mingi, na kila mwaka nilikuwa nawapeleka wanafunzi bandarini kuiona Liemba. Walikuwa wakiijua kama meli ya kumpeleka shangazi kusini na magunia yake, basi. Hapo ndipo nilipokuwa nawaanzia ujana wake: kwamba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makreti, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari kisha ikasafirishwa bara na kuunganishwa papa hapa Kigoma. Ikashushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen, meli ya vita. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa, ila kwanza mafundi waliipaka injini grisi, kwa matumaini ya kuja kuiinua siku moja. Ikainuliwa 1924 na Waingereza, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Niambie, kuna mtoto aliyeipenda kidogo baada ya kuyasikia hayo? Walikuwa wanaishika ubavuni kwa mikono miwili.

Ukimjua mtu alikotoka, upendo hupata mahali pa kushika. Na kama baba yako angeandika kitabu kizima kuhusu usiku ule, ungekisoma.

Fundi wa injini za boti, Kibirizi:

Mimi vitabu sijasoma, nimemjua Geralt kwenye gemu, ile ya tatu iliyotoka 2015. Kwenye gemu ni mtu mzima, makovu uso mzima, na sikuwahi kujiuliza alikuwaje akiwa kijana.

Ila kuna jambo hamjaligusa. Gemu zinaendelea pale vitabu vilipoishia. Kwa hiyo uzee wa Geralt uko mikononi mwa watu wengine, na Sapkowski hakuuandika. Mwanzoni alikubali kulipwa fedha za mara moja badala ya asilimia ya mauzo, na 2018 alirudi kuwadai waliotengeneza gemu zaidi ya zloti milioni 60, fedha ya Poland, wakaja kupatana 2019. Sasa mtu ambaye mtoto wake amekulia nyumba ya jirani atarudi wapi? Atarudi miaka ile ambayo mtoto alikuwa bado kwake. Mimi simlaumu hata kidogo. Wanaosema ni tamaa ya pesa wafikirie na hilo.

Msomaji, Kasulu:

Naungana na aliyeanzisha. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alitufikia mtu mzima, kiko mdomoni, akili inawaka. Nani aliwahi kudai aonyeshwe siku aliyovuta kiko mara ya kwanza? Willy Gamba wa Musiba naye hivyo hivyo. Sungura wa hadithi za bibi hakuwahi kuwa mtoto. Tuliwapokea wakiwa kamili na tukajaza wenyewe yaliyobaki.

Mwalimu mstaafu, Ujiji:

Sungura hana mwandishi, ni wa kila bibi. Bwana Msa anaye, na angetaka kutusimulia utoto wake ningekuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mwanafunzi wa diploma, Gungu:

Shikamoo mwalimu. Kaka, mimi ndiye wa tatu kukisoma, na mjue kwamba hiki ndicho kitabu changu cha kwanza cha Geralt. Hizo nyingine sijazigusa.

Mnavyoongea najiona kama mgeni aliyekuta wenyeji wanagombania kiti cha marehemu. Kwangu hakuna ukurasa wa zamani ulioharibiwa. Kuna kijana ametoka kufundishwa, ana upanga wake kama sisi tunavyotoka na vyeti, anazunguka kutafuta kazi na watu hawamtaki. Anafanya jambo jema kwa haraka na linamgeukia. Nilikuwa nasoma usiku, umeme umekatika, natumia tochi ya simu, na nilifunga kitabu pale anapokamatwa kwa sababu nilishindwa kuendelea. Kaka yangu wa kuzaliwa alipata kazi ya ulinzi mwaka jana, akamzuia mtu asimpige mke wake barabarani, na asubuhi yeye ndiye aliyefukuzwa. Yule mama hakurudi hata kusema asante. Kwa hiyo ukiniambia kitabu hiki kisingeandikwa, unaniambia mimi nisingekutana na Geralt, maana sidhani kama ningeanza na vitabu vyote vile vya zamani.

Aliyeanzisha:

Mdogo wangu, umenigusa na nakujibu kwa makini. Pole kwa kaka yako.

Mwalimu, Liemba ilikuwa haijajieleza. Chuma hakina mdomo, ilikuhitaji wewe useme kwa niaba yake. Geralt alikuwa ameshasema, na alisema kwa kiasi alichotaka. Hapo bado sijahama. Fundi, hoja yako ya mtoto na nyumba ya jirani nimeilalia na nimeiamkia, sina jibu.

Lakini wewe wa Gungu, nakubali kwamba nilihukumu kama vile sote tuliingilia mlango mmoja. Nimekuachia The Last Wish yangu kwa dada wa vocha pale stendi. Usianze mwanzo. Tafuta pale anapoongea na Iola, usome, halafu urudi hapa uniambie kama hakijapungua kitu.

Mwanafunzi wa diploma, Gungu:

Nimechukua siku tatu kwa sababu ya mitihani, mnisamehe. Nimesoma mara mbili.

Damu haikunishtua, nilishajua itakuja. Nilichokuwa nasubiri ni kitanzi. Nikasubiri na Holt. Hakuvitaja. Anamwambia Iola habari za mtu mwenye upara, binti, baba aliyekimbia, halafu anahamia mambo mengine. Siku ile alikuwa karibu anyongwe, akaokolewa na mtu ambaye bila shaka hakumsahau, na kwa mwanamke ambaye hata hawezi kumtolea siri anaficha hayo yote.

Najua kitabu kile kiliandikwa zamani na Holt alikuwa hajabuniwa. Lakini mimi nimevisoma kwa mpangilio huu, na kwangu anaficha. Kaka, ulisema baba yako alianza kuhangaika na taa ambayo haikuwa na tatizo. Mimi nimemwona Geralt akifanya hivyo hivyo, na nimemwona kwa sababu nilianzia huku.

Aliyeanzisha:

Hilo sikuliona. Nimesoma ukurasa ule labda mara kumi na sikuliona.

Usimpe mtu kitabu. Kesho saa kumi nitakuwa stendi, nakuja kukichukua.