Kitanzi kinachohesabu kurudi nyuma hakikomi: naomba ushauri

Chumbageni:
Wanajamvi, habari za jioni. Niko Tanga, ninajifunza C, lugha ya kuandikia programu, na kwa mazoezi nimeandika programu ndogo ya kutunza uzito wa marobota ya mkonge. Kuisoma orodha kuanzia robota la kwanza hakunipi shida, lakini nilipotaka kuanzia la mwisho niliandika kitanzi hiki, yaani amri inayojirudia maadamu sharti lake linatimia (`n` ni idadi ya marobota):

`for (size_t i = n - 1; i >= 0; i--)`

Uzito wote ulichapishwa sawasawa, kisha zikafuata namba za ajabu mpaka programu ikakatika. Nimekosea wapi, ilhali sharti la kukoma nimeliweka?

Fundi wa Ngamiani:
Ndugu, sharti umeliweka, ila ni sharti lisiloweza kukosa kutimia. Aina ya `size_t` haina namba hasi. Kwa hiyo `i` ikiwa 0 nawe ukaipunguza moja, haiwi -1 bali inazunguka hadi thamani kubwa kuliko zote, ambayo kwenye mashine ya biti 64 ni 18446744073709551615, nayo bado imeizidi 0. Andika:

`for (size_t i = n; i-- > 0; )`

Ulinganisho hufanyika kwanza, kupunguza kunafuata, hivyo ndani ya kitanzi `i` huanzia `n - 1` na kuishia 0. Tena orodha ikiwa tupu kitanzi hakizunguki hata mara moja, wakati `n - 1` yako ingekupeleka kule kule kwenye ile namba ndefu.

Makorora:
Mimi ningetumia `int`, aina ya namba kamili inayokubali hasi, na kulala usingizi. Ukomo wake kwenye kompyuta zetu ni 2147483647, na hakuna ghala lenye marobota hayo.

Fundi wa Ngamiani:
Kwa orodha yake inatosha, sikatai, lakini siku atakapoilinganisha `int` yenye thamani hasi na `size_t`, hiyo hasi itageuzwa kuwa namba kubwa kimyakimya.

Raskazone:
Unapotumia GCC, kikusanyaji kinachogeuza msimbo wa C kuwa programu, washa chaguo la maonyo ya ziada `-Wextra`, kwa sababu lile la kawaida, `-Wall`, peke yake halitoi onyo juu ya kosa hili. Wanaotumia lugha nyingine, Rust, huandika `for i in (0..n).rev()`, ambapo 0 imo na `n` haimo, wakaepuka hesabu yote hii.

Chumbageni:
Ahsanteni. Kitanzi sasa kinakoma, na `-Wextra` imenionyesha kingine nilichokisahau: kaunta ya `uint8_t`, aina ya namba ya biti 8 isiyo na hasi, yenye sharti `i < 256`, wakati aina hiyo haivuki 255.