Naomba ushauri: hesabu za Viterbi zinafurika kwenye rejista ya biti 8

Ndugu wanachama, habari za kazi. Naandika programu ya kusimbua msimbo wa konvolusheni (msimbo wa kurekebisha makosa) wa kiwango cha 1/2, yaani biti mbili hutumwa kwa kila biti ya ujumbe, wenye urefu wa 7 (kila tokeo hutegemea biti 7 za ujumbe) na vizalishaji, yaani namba zinazoonyesha biti zipi zijumlishwe, 171 na 133 kwa oktali, ambao pia ulitumika katika vyombo vya anga vya Voyager. Natumia algorithimu aliyoichapisha Andrew Viterbi mwaka 1967, ambayo hutafuta mfuatano wa biti (njia) wenye makosa machache zaidi, na kila biti iliyopokewa naipa thamani kati ya 0 na 7, kwa kuwa njia hiyo huokoa takriban desibeli 2 za nguvu ya mawimbi ikilinganishwa na kuamua mapema kama ni 0 au 1.

Ujumbe usio na kelele unatoka salama, lakini nikiongeza kelele, biti za mwanzo zinakuwa sahihi kisha zinavurugika kabisa. Nilipochapisha hesabu za hali zote 64 za kisimbaji (kila hesabu ni jumla ya makosa ya njia inayofika kwenye hali hiyo, na ndogo ndiyo bora), niliona moja ikitoka 253 na kuwa 2 kwa hatua moja, na programu ikaichukua kuwa ndiyo njia bora.

Nimeongeza kina cha kurudi nyuma (hatua ninazorudi kwenye njia kabla ya kuamua biti) kutoka hatua 35 hadi 70 bila mafanikio. Kupunguza hesabu zote kwa thamani iliyo ndogo kuliko zote kila hatua kunaponya tatizo, ila kichakataji changu kidogo kinashindwa kwenda na kasi ya biti zinazoingia.

Kwa kuwa tofauti kati ya hesabu za hali haizidi 84, yaani hatua 6 mara 14 (biti mbili za hadi 7 kila moja), je, ni salama kuziacha hesabu zizunguke (zirudi 0 baada ya 255) na kulinganisha kwa alama ya tofauti tu, yaani kama ni chanya au hasi? Kama si salama, nipunguze thamani hiyo ndogo kila baada ya hatua ngapi?